Namna ya Kuiendesha Maktaba ya Umma Wakati Huduma Zote Zinahamia Mtandaoni

Ofisi ya umma inapofunga dirisha lake na kumwelekeza mwananchi mtandaoni, kazi iliyokuwa ikifanyika dirishani haipotei, bali inahama. Kwa mwenye kompyuta na intaneti nyumbani, inahamia mezani kwake na kumchukua dakika chache. Kwa asiye navyo, inahamia maktabani, kwenye dawati la mkutubi ambaye hakuajiriwa kwa ajili hiyo, hakutengewa fungu lolote, wala hakuulizwa neno wakati uamuzi ukipitishwa. Mwaka 2024, ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mawasiliano, lilikadiria kuwa watu bilioni 2.6 duniani hawatumii intaneti kabisa. Na miongoni mwa wanaohesabiwa kuwa wanaitumia wamo wengi wenye simu tu na bando la kupimapima. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakutubi wa maktaba za umma. Unaeleza jinsi ya kuipokea kazi hiyo bila maktaba yenyewe kugeuka kizingiti kingine kwa asiye nacho, na jinsi ya kuirudisha gharama yake kwa wanaostahili kuilipa.

Uingereza ni mfano unaofaa kuangaliwa, kwa sababu mambo yake yaliandikwa wazi. Kuanzia mwaka 2013 serikali ya nchi hiyo ilianza kuunganisha posho mbalimbali za wasio na kazi na wenye kipato kidogo katika malipo mamoja yaitwayo Universal Credit, ambayo kwa kawaida huombwa na kufuatiliwa mtandaoni. Philip Alston, aliyekuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu umaskini uliokithiri, alipoitembelea Uingereza Novemba 2018 alisema kuwa maktaba za umma ndizo zilizokuwa mstari wa mbele kuwasaidia waombaji wasioweza kutumia kompyuta, na akakumbusha kuwa kati ya mwaka 2010 na 2016 maktaba zaidi ya 340 zilikuwa zimefungwa. Mkono mmoja wa dola ulikuwa ukiwasukuma watu maktabani, na mwingine ukizinyima maktaba hizo fedha. Hali hiyo inaweza kujirudia popote pale ambapo wanaoamua kuhusu mifumo ya huduma hawaketi meza moja na wanaoamua kuhusu bajeti ya maktaba.

Anzia kwenye daftari, si kwenye manunuzi

Kabla ya kuomba kompyuta mpya, fungua daftari dawatini na uandike, kwa mwezi mmoja au miwili, sababu iliyomleta kila mtu anayeomba msaada wa kompyuta: ametumwa na ofisi gani, anatafuta nini, amekwama katika hatua ipi, amehudumiwa kwa muda gani, na kama ameondoka akiwa amemaliza shughuli yake. Usiandike jina, namba ya kitambulisho wala jambo lolote linaloweza kumtambulisha mtu. Watumishi wote wa dawatini waandike kwa utaratibu mmoja, vinginevyo mwisho wa mwezi utakuwa na maelezo matamu yasiyojumlishika.

Daftari hilo linahitajika kwa sababu takwimu tulizozizoea hazioni kazi hii. Ripoti ya mwaka huhesabu vitabu vilivyoazimwa, watu waliopita mlangoni na mara ambazo kompyuta zimetumika. Mtu aliyesaidiwa saa nzima kuomba mafao yake anahesabiwa sawasawa na kijana aliyeingia kuangalia matokeo ya mpira kwa dakika tano. Mwenye kusoma ripoti hiyo akiona vitabu vinavyoazimwa vinapungua, atahitimisha kuwa maktaba haina kazi, na atapunguza watumishi wakati ule ule foleni ya dawatini inaporefuka.

Ijaze fomu wewe mwenyewe kwanza

Daftari likikuonyesha fomu zinazowasumbua watu zaidi, kaa kwenye kompyuta ya wasomaji, si ile ya ofisini kwako, na upite hatua zake zote mpaka pale pa kutuma. Ingia kama anavyoingia msomaji, ukiwa na kikomo kile kile cha muda na vizuizi vile vile vya programu.

Utakayoyaona ni haya. Fomu inadai anwani ya barua pepe, na mwombaji hana. Kufungua anwani kunadai namba ya simu itakayopokea tarakimu za uthibitisho, na simu yake imezimika kwa kukosa chaji, au namba aliyojisajilia zamani haiko tena mikononi mwake. Akivuka hapo, anatakiwa kupakia picha ya cheti isiyozidi ukubwa fulani wa faili, maneno ambayo kwake hayana maana yoyote. Anachapa kwa kidole kimoja, akiinua macho kila baada ya herufi kuhakikisha imeingia ile aliyoikusudia. Katikati ya ukurasa wa nne mfumo unamtoa kwa sababu umeona amekaa kimya muda mrefu, na majibu yote ya nyuma yanafutika. Anapoanza upya, kompyuta ya maktaba inamwarifu kuwa muda wake umebaki dakika tatu.

Kati ya vikwazo hivyo, vingi ni vya ofisi iliyotunga fomu, lakini hicho cha mwisho ni chetu wenyewe, na ndicho cha kuondolewa leo. Mtumishi wa dawatini awe na mamlaka ya kuongeza muda bila kumwomba mkuu wake ruhusa. Tenga kompyuta moja au mbili za shughuli ndefu, zilizo mbali kidogo na njia ya kupitia watu, zenye kiti cha pili cha msaidizi. Weka soketi na nyaya za kuchajia simu karibu nazo. Mashine ya skani iwe tayari imepangwa kutoa faili dogo linalokubalika na fomu nyingi, ili msomaji asilazimike kuchagua lolote. Kurasa chache za kwanza za kuchapisha ziwe bure kwa anayeshughulikia kazi, mafao, matibabu au elimu. Inasikitisha kuona mtu aliyepambana mchana kutwa akishindwa kupata nakala ya risiti yake kwa kukosa sarafu.

Utasikia hoja kwamba siku hizi kila mtu ana simu janja, kwa hiyo kompyuta za maktaba zimepitwa na wakati. Wanaosema hivyo hawajawahi kupakia vyeti sita kwa simu yenye kioo kilichopasuka na bando linaloelekea kuisha.

Swali gumu zaidi ni mkutubi asaidie hadi wapi. Maktaba nyingi zimeweka kanuni kwamba mtumishi asiguse kibodi ya msomaji, aelekeze kwa mdomo tu. Naielewa sababu yake, kwani kosa likitokea katika ombi la mafao atalaumiwa aliyelijaza. Hata hivyo naiona kanuni hiyo kuwa ya kikatili ikifuatwa bila kupima hali. Anayejua kusoma na kuandika afundishwe na ajaze mwenyewe, hata ikichukua muda, maana wiki ijayo atarudi na shughuli nyingine. Asiyeweza kabisa, kwa uoni hafifu, ugonjwa au kutojua kusoma, aandikiwe, kwa sharti kwamba kila jibu linasomwa kwa sauti ya chini na yeye mwenyewe analithibitisha kabla ya kutumwa. Yapo mawili yasiyovukwa: mkutubi hatungi wala hatunzi nywila ya mtu, na hamshauri ajibu nini katika swali linalogusa haki yake kisheria. Kwa hilo la pili, bandika dawatini orodha iliyohakikiwa ya watoa msaada wa kisheria bila malipo, na uihakiki tena mara kwa mara, kwa sababu namba mbovu humpotezea mtu siku nzima.

Kinachobaki kwenye mashine na kwenye kadi

Mwenye kompyuta yake nyumbani huacha siri zake nyumbani. Asiye nayo huziacha zote kwenye mashine ya umma: maradhi, deni, kesi, kipato. Kwa hiyo faragha maktabani ni suala la usawa kabla ya kuwa suala la kiufundi. Kila kompyuta ya wasomaji ipangwe ijisafishe kabisa msomaji anapomaliza, faili na kumbukumbu za kuvinjari zikiwemo. Nakala zisitoke kwenye mashine ya kuchapisha mpaka mwenyewe asimame mbele yake. Trei iliyojaa karatasi za watu ni kabati la siri lililoachwa wazi. Kumbukumbu ya kitabu kilichoazimwa ifutwe kitabu kinaporudi, isipokuwa msomaji ameomba itunzwe.

Wapo watakaokuuliza kumbukumbu hizo zina ubaya gani. Mwaka 2005 wakutubi wanne katika jimbo la Connecticut, Marekani, walipokea barua ya polisi wa upelelezi wa serikali kuu ikidai taarifa za matumizi ya kompyuta za maktaba, na wakakatazwa hata kusema kuwa wameipokea. Walikwenda mahakamani, na mwaka uliofuata serikali ikaachana na madai hayo. Si kila mkutubi atakuwa na mawakili wala ujasiri wa namna ile. Lakini maktaba isiyo na kumbukumbu haina cha kukabidhi. Wala haina kingi cha kuibiwa. Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia British Library mjini London, na mwezi huo huo mifumo ya maktaba za umma za Toronto ikaangushwa. Kule Toronto vitabu vilivyorudishwa vilirundikwa katika matrela kwa miezi kadhaa kwa kukosa mfumo wa kuvipokea. Kwa sababu hiyo, weka pia fomu za karatasi za kuazimia, na wafundishe watumishi namna ya kuzitumia kabla ya siku zitakapohitajika.

Faini na mikataba

Ondoa faini za kuchelewesha vitabu. Jiji la San Francisco lilipochunguza suala hili, likatoa ripoti mwaka 2019, ilionekana kuwa wakazi wa mitaa ya matajiri na ya maskini huchelewesha vitabu kwa viwango vinavyokaribiana. Tofauti ni kwamba tajiri hulipa na kuendelea, maskini hufungiwa kadi. San Francisco na Chicago zilizifuta mwaka huo huo, na maktaba za New York zikafuata mwaka 2021. Kitabu kilichopotea kinaweza kudaiwa, lakini aliyekirudisha asiadhibiwe. Kama sheria ya mahali ulipo haikuruhusu kuzifuta, tumia uwezo ulio nao wa kusamehe, na hakikisha kadi iliyofungiwa haimzuii mtu kutumia kompyuta.

Mikataba ya vitabu vya kielektroniki ni mtego usioonekana kwa msomaji. Kitabu cha karatasi maktaba hukinunua ikakimiliki; cha kielektroniki hukikodi. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji wa vitabu ya HarperCollins iliamua kuwa leseni moja ya maktaba iishe baada ya kuazimwa mara 26, ndipo inunuliwe upya. Mwaka 2019 Macmillan, kampuni nyingine ya uchapishaji, iliwekea kila mtandao wa maktaba, hata ule wa jiji kubwa, nakala moja tu ya kitabu kipya kwa wiki nane za mwanzo. Maktaba nyingi ziligoma kununua, na Machi 2020 kampuni hiyo ikaliondoa sharti hilo. Kabla ya kutia saini, tafuta kifungu kinachosema leseni inaisha lini, kingine kinachosema taarifa za wasomaji zinakwenda wapi, na kingine kinachoeleza maktaba itaondoka na nini mkataba ukivunjika. Kifungu chochote kati ya hivyo kisipokuwepo, kiombe kwa maandishi. Jumlisha pia gharama ya miaka mitano, si ya mwaka wa kwanza, na ulinganishe na saa za mtumishi mmoja wa dawatini, kwa sababu mara nyingi fedha hutoka huko.

Mfumo wa kuendeshea maktaba yenyewe si lazima ununuliwe kwa leseni ya kila mwaka. Koha, programu huria iliyotengenezwa kwa ajili ya maktaba za wilaya ya Horowhenua nchini New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000, sasa inatumika katika nchi nyingi. Haina ada ya leseni, ila inadai mtu wa kuihudumia, na mtu huyo lazima awemo kwenye bajeti.

Peleka hesabu kwa wenye deni

Sasa rudi kwenye daftari. Kwa kila ofisi iliyotajwa humo, andika barua ya ukurasa mmoja inayoeleza ni wateja wake wangapi waliohudumiwa maktabani, kwa saa ngapi, walikwama katika hatua zipi, na wangapi waliondoka bila kumaliza. Ambatanisha picha za kurasa zinazowakwamisha watu. Kisha omba mambo mahususi: mchango wa mshahara wa mtumishi, mafunzo kwa walioko dawatini, fomu isiyofuta majibu mtu anapochelewa, njia ya kuomba isiyopitia mtandaoni. Usiombe ushirikiano kwa jumla, kwa sababu ushirikiano wa jumla hujibiwa kwa pongezi za jumla.

Shirikiana na maktaba za jirani ili barua ziwe na hesabu ya eneo zima. Ikiwa utaambiwa kwamba maktaba inaweza kujilipia kwa kutoza watumiaji wa kompyuta, taja Ilani ya Maktaba za Umma ya UNESCO na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, iliyopitiwa upya mwaka 2022, ambayo inaendelea kusema kuwa huduma ya maktaba ya umma kimsingi ni bure. Ofisi ikikataa kuchangia, bado idai namba ya simu ya ofisa atakayewajibu wakutubi msomaji akiwa bado amekaa kwenye kiti, pamoja na fomu za karatasi za kutosha. Nakala ya kila barua, na jibu lake au taarifa kwamba haikujibiwa, ipelekwe kwa wanaopitisha bajeti ya maktaba wiki kadhaa kabla ya kikao chao, ili waikute kwenye makabrasha yao na wapate muda wa kuwaita wahusika kujieleza.