Kabla ya kwenda L'Anse aux Meadows

La kwanza kuweka sawa ni matarajio yako. Ukifika huku kwenye ncha ya kaskazini ya Newfoundland, Kanada, makazi halisi ya Waviking, mabaharia wa kale kutoka Skandinavia, utakayoyaona ni matuta ya nyasi, basi. Walijenga kwa mapande ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi zake, juu ya fremu za mbao, na nyumba ya namna hiyo ikihamwa hurudi kuwa ardhi. Mpelelezi wa Norway, Helge Ingstad, alionyeshwa matuta hayo mwaka 1960 na mwanakijiji George Decker. Mke wa Helge, mwanaakiolojia Anne Stine Ingstad, akaongoza uchimbaji. Mabaki ya majengo manane yalipatikana, kisha yakafukiwa tena yasiharibike.

Kwa hiyo soma kabla ya kuondoka, la sivyo utapiga picha mbili urudi garini. Ng'ambo ya kijito, mbali na nyumba za kulala, kuna kishimo ambacho wengi hukipita tu. Hapo ndipo mhunzi aliyeyusha chuma cha kinamasi, yaani madini ya chuma yanayookotwa kwenye ardhi chepechepe, na mavi ya chuma yake (takataka za kuyeyusha) yakapatikana. Tena kuna mbao zilizokatwa kwa zana za chuma: wanasayansi walihesabu pete za mti kuanzia alama iliyoachwa na dhoruba ya jua ya mwaka 993, wakapata kwamba mti uliangushwa mwaka 1021.

Nyumba zilizojengwa upya pembeni ndizo watoto huzipenda. Ukiingia, simama kidogo macho yazoee giza.

Safari yenyewe si ya kubahatisha. Kutoka uwanja wa ndege wa Deer Lake ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara namba 430, kwa hiyo jaza mafuta mapema. Usiendeshe jioni wala usiku: kulungu wakubwa wa kule, wenye kimo cha farasi, huvuka ghafla, na rangi yao nyeusi huwaficha mpaka uwe umewakaribia mno.

Beba koti la kuzuia upepo na mvua hata Julai, maana baharini huenda bado kukawa na milima ya barafu. Beba pia dawa ya mbu. Kituo cha wageni hufunguliwa miezi ya joto tu, hivyo thibitisha tarehe kabla ya kulipia tiketi. Ukitokea Toronto, sogeza saa mbele saa moja na nusu. Hiyo nusu ndiyo inayowachelewesha watu.