Kabla hujachimba msingi Moshi, jua udongo wako unabeba tani ngapi

Wakuu, ukimuuliza fundi huku Moshi msingi uwe na upana gani atakwambia futi mbili zinatosha, mbona kwa jirani tulifanya hivyo hivyo na nyumba imesimama. Sawa, ila jirani kajenga juu ya udongo wake.

Hesabu yenyewe wala sio ngumu, unachukua mzigo unaoshuka unagawa kwa uwezo wa udongo kubeba, unapata eneo la kitako, yaani lile zege pana la chini kabisa linalokalia udongo. Tuseme nguzo ya ghorofa inashusha tani 30 na udongo unabeba tani 15 kwa mita ya mraba (injinia ataandika kilonyutoni 150, usiogope, kilonyutoni 10 ni kama tani moja), hapo unahitaji mita za mraba 2, yaani kitako cha karibu mita moja na nusu kila upande. Udongo ukiwa laini wa tani saba na nusu, kitako kinafika mita 2 kwa 2, zege na nondo zinapanda, ndo maana watu hawataki kupima. Na hiyo 15 iwe ni ule mzigo ambao udongo unafeli kabisa, ukishagawanywa kwa 3 hivi kwa usalama.

Chimba shimo lipite chini ya pale kitako kitakapokaa. Kwenye mfinyanzi bonyeza kidole gumba, kikizama kirahisi huo ni laini, kikiingia kwa shida angalau. Mchanga angalia maji, yakipanda mpaka usawa wa kitako nguvu inaweza kushuka karibu nusu. Ghorofa lakini usiende kwa kidole, ita watu wa maabara.

Sasa ule udongo mweusi wa huku tambarare ndo unadanganya. Shemeji yangu alichimba Februari, sururu inadunda, fundi akasema huu ni mwamba bosi. Masika ikaingia, kufika Mei kona za madirisha zimepasuka mshazari. Udongo ule ukinywa maji unavimba unasukuma nyumba juu, kiangazi unasinyaa, kwa hiyo kupanua msingi peke yake hakusaidii. Utoe, ujaze moramu ushindilie tabaka kwa tabaka, au injinia akuchoree jamvi la zege lenye nondo chini ya nyumba nzima, na maji ya bati yapelekwe mbali na ukuta. Shemeji hakutoa hata toroli moja, sasa hivi anavunja baraza.