Napigaje picha za mavazi ya watu mtaani Tanga, kwa simu tu

Naulizwa sana picha za Ngamiani, hapa Tanga mjini, napigaje, haya tuongee. Kwanza futa lenzi, na hii chumvi ya bahari yetu ukigeuka tu ishaweka ukungu.

Usikimbilie barabarani, anza na albamu ya bimkubwa. Wangu kwenye picha ya studio gauni limefunika magoti kabisa, ananiambia Vijana wa TANU walishapiga marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana toka 1969. Geuza kurasa ufike enzi za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, mitumba imefunguka, majinzi hayo na mabega yamewekwa sponji mpaka unacheka. Ukishaona hivyo mtaani utajua uangalie nini.

Toka saa moja mpaka saa mbili na nusu asubuhi, au saa kumi na moja jioni. Mchana jua linaua uso, kaa kwenye kivuli cha baraza.

Baibui jeusi simu inadhani giza, inaongeza mwanga, ukuta wa nyuma unaungua kwa mwanga na uso unapauka. Gusa uso kwenye kioo cha simu halafu shusha mwanga kidogo, na msogeze mtu jua limpige ubavuni ndo nakshi zitaonekana. Kanzu nyeupe kinyume chake, ongeza. Kanga usikate jina! Wengi wanapiga mbele wakati maneno yako nyuma.

Na sio lazima uso. Kuna dada alikua anapita na baiskeli, baibui kalibana na kibanio cha kuanikia nguo lisiingie kwenye cheni, chini raba nyeupe zinang'aa, nikamuomba nipige kuanzia kiunoni kushuka, akacheka akakubali. Siichoki ile.

Kuomba ni lazima. Mtu mzima shikamoo kwanza, picha baadae, na akikataa kubali bila kuleta maneno. Mi nishawahi kumpiga picha binti harusini hana mtandio, yeye karidhia, nikaweka status, kaka yake akaiona... nilienda mpaka kwao kuomba radhi. Siku hizi nauliza mara mbili, kupiga na kuweka mtandaoni, maana ruhusa ya kwanza sio ya pili.

Ukirudi andika mtaa, tarehe, na fundi kauita mshono gani. Zilizoharibika pia tunza, mi nilifuta za 2015 zote kisa simu imejaa, leo natafuta madera ya wakati ule sina hata moja.