Jinsi ya kuendesha kikundi cha maigizo cha kujitolea huku kusini bila kuwachosha watu wako

Wadau wa sanaa wa Masasi, Newala, Nachingwea, Mikindani na kwingineko huku kwetu kusini mwa Tanzania, hii naandika kwa ajili ya mnaotaka kuanzisha kikundi cha maigizo mtaani au mnacho tayari ila kinasuasua. Waigizaji huku sio shida, ukitangaza tu kwamba kuna igizo vijana wanajaa na watoto juu. Shida ni watu wa nyuma, yani yule anayeazima viti, anayefuata kibali kwa mtendaji, anayekaa na daftari la hela, anayefua maleba (nguo za kuigizia), anayewasindikiza mabinti nyumbani mazoezi yakiisha. Hao kwenye vikundi vingi wapo watatu au wanne tu, hawalipwi chochote, na wakichoka kikundi kinakufa hata kama waigizaji wamebaki ishirini. Ndo maana karibu kila ninachoeleza hapa chini kinarudi kwao.

Kwa hiyo anza na hao kabla hujatafuta hata kisa cha kuigiza. Nenda kwa fundi cherehani wa mtaani, fundi redio, mwalimu mstaafu, mama lishe, kijana wa bodaboda anayejulikana kila nyumba, na ukifika usimwambie tu "karibu kwenye kikundi chetu" mana hapo atakubali kwa heshima afu hutamwona tena. Mpe kazi moja inayojulikana inaanza lini na inaisha lini. Mfano fundi cherehani mwambie dada, tunaomba utupunguzie kanzu nne na utushonee pazia moja la khanga kabla ya tarehe fulani, basi, ukimaliza umemaliza. Mtu akijua mwisho wa kazi anakubali kwa moyo na mara nyingi anarudi mwenyewe kuuliza tena kuna nini. Afu kila kazi iwe na watu wawili, anayeifanya na anayejifunza kwake, mana huku watu wanahama sana, leo yupo kesho kaitwa Dar au kahamia shamba msimu mzima, na kama yeye ndo alikuwa peke yake anajua viti viliazimwa msikiti gani na mikeka ya nani, mnaanza upya. Nunueni daftari kubwa la kaunta, mle muandike kila kitu kilichoazimwa, kwa nani, kimerudi lini na kikiwa na hali gani. Hilo daftari liheshimiwe kuliko hata hilo igizo.

Sasa kalenda, na hapa naomba msome taratibu kwa sababu ndo panapoua vikundi vingi vya kwetu. Huwezi kupanga mazoezi kwa kufuata mwaka wa Januari mpaka Desemba kama vile watu wako wameajiriwa ofisini. Mvua zinaanza kama Desemba mpaka Aprili, watu wapo kwenye mahindi na mihogo, na uwanja ni matope, kwa hiyo kipindi hicho ombeni darasa la shule jioni mkae mjenge kisa tu, mkijadili na kujaribu vipande, bila presha ya kuonyesha. Mwezi wa 5 na wa 6 kuna ufuta, hasa upande wa Lindi, na wenye mikorosho wanaanza kupuliza salfa. Kuanzia wa 7 mpaka wa 9 ndo nafuu, mavuno ya chakula yameingia ndani, njia zinapitika, hapo fanyeni maonyesho ya bure ya mtaani na vijijini. Ila mkumbuke kipindi hichohicho ngoma za jando na unyago zimepamba moto, hasa shule zikifungwa, na hakuna mama atakayeacha sherehe ya mwanae aje kukushikia pazia, wala usimlaumu. Nendeni mapema kwa wazee muulize ngoma zinachezwa lini na wapi, afu nyie ndo mkwepe.

Korosho inaanza kuokotwa kama Septemba, minada inafuata kuanzia Oktoba, na hela zikianza kuingia kwa wakulima kupitia vyama vyao vya msingi mji unachangamka kabisa. Onyesho la kiingilio liwekeni hapo, Novemba hivi, kabla mvua hazijashika. Wanakikundi asubuhi wapo chini ya mikorosho, kwa hiyo igizo liwe limeiva tangu Agosti na Novemba mnakumbushana tu jioni, msilete kisa kipya wakati huo hata mwongozaji abembeleze vipi. Na Ramadhani msiisahau, kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi na moja hivi, mwaka huu sio mwaka ule, angalieni kabla ya kuahidi tarehe. Pwani kama Mikindani au Kilwa mwezi mtukufu ukiingia mazoezi yanasimama na hakuna hasara yoyote, watu wapumzike.

Usajili na vibali visiwatishe. Mlango wa kwanza ni afisa utamaduni wa halmashauri, huyo atawaelekeza. Wanaosajili wasanii na vikundi ni BASATA, yani Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, afu michezo ya jukwaani ina sheria yake pia ya mwaka 1976 iliyo chini ya Bodi ya Filamu, kwa hiyo muulizeni afisa utamaduni onyesho lenu linahitaji kibali gani kabla hamjatangaza tarehe. Kwa onyesho la mtaani mnaandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mtendaji, mnataja siku, saa, eneo, kama kuna spika, na mtendaji atawaambia kama nakala iende polisi. Pelekeni mapema na mtu aifuate, sio kuiacha tu mezani. Hiyo kazi mpeni mtu mpole anayejua kusalimia na kusubiri. Mkitumia nyimbo za wasanii wengine mambo ya hakimiliki yapo COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ila ushauri wangu ni mpige ngoma zenu, wapigaji wapo na watu wanazipenda kuliko spika.

Katiba ya kikundi iwe fupi, kurasa mbili zinatosha: nani mwenyekiti, katibu, mhazini, wanakaa muda gani, hela inatokaje, mtu akiondoka vifaa vinabaki kwa nani. Hicho kipengele cha mwisho msikiruke, ugomvi mwingi nilioona chanzo chake ni ngoma na spika.

Kwenye igizo lenyewe, sio lazima muwe na skripti iliyochapwa. Wengi wa watu wazima mtakaowapata watashika maneno haraka zaidi mkijenga kwa mdomo: kaeni mkubaliane kisa kina hatua tano au sita, kila hatua nani anaingia, anataka nini, anatoka vipi, afu wasimame wajaribu wenyewe. Katibu anaandika mstari mzuri ukitokea. Asiyejua kusoma asijisikie mgeni, na huyo mara nyingi ndo anayechekesha kuliko wote. Kila nafasi kubwa iwe na mbadala aliyehudhuria mazoezi, kwa sababu ile ya mashamba niliyosema.

Chagueni kisa cha hapa. Mimi sipendi kuona kikundi cha Ruangwa kinaigiza tajiri wa Masaki kule Dar na hausigeli wake kama kwenye tv wakati nje ya uwanja kuna mambo matamu yanawasubiri. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili ukoo unafuata upande wa mama, mjomba ana sauti nzito, na siku baba akifariki mvutano wa nyumba na mikorosho kati ya wajomba na watoto wa marehemu ni igizo tosha, kila anayeangalia ana wa kwake anayemjua. Au mume kapokea hela ya korosho kaenda mjini karudi na pikipiki na madeni. Bibi wa kwenye igizo aongee Kimakonde au Kiyao pale anapokasirika, msitafsiri, wenye lugha watacheka na wengine wataelewa kwa matendo.

Kuhusu mapiko, yani vile vinyago vya kuvaa vya kuchezea ngoma, tafadhali sana. Lile lipiko la Wamakonde ni la jando, lina miiko yake, nani anavaa na nani haruhusiwi kujua, kwa hiyo msilichukue tu na kulivalisha mtu mbele ya watu kwa sababu linapendeza. Nendeni kwa wazee, semeni mnataka nini, wakikataa mheshimu mtafute ngoma nyingine kama sindimba ambayo imezoeleka kuchezwa hadharani. Wazee wakiona mmewauliza wanakuwa upande wenu miaka na miaka.

Uwanja. Hiki kitu hakisemwi sana ila kinasaidia mno kwa kikundi kisicho na maiki. Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 9 pwani ya kwetu upepo wa kusi unavuma kutoka kusini-mashariki na unakula sauti. Wekeni sehemu ya kuigizia upande wa kusini-mashariki mwa uwanja, waigizaji wape upepo mgongo, watazamaji wakae mbele yao, hapo upepo wenyewe unabeba sauti kuwapelekea watu. Na uzuri wake miezi hiyo jua la jioni linashuka upande wa kaskazini-magharibi kwa hiyo linakuwa nyuma ya watazamaji, haliwachomi macho, na linawamulika waigizaji bure. Anzeni saa 10 kamili jioni, mwezi wa 6 ikifika saa 12 na nusu giza limeshaingia na kama hamna taa za maana mtamalizia igizo kwa tochi za simu. Novemba upepo unageuka unakuwa wa kaskazi, unatoka kaskazini-mashariki, na jua nalo limehamia kusini kidogo, kwa hiyo mtu wenu wa jukwaa aende jana yake saa ileile ya onyesho asimame pale akague. Ngoma za ngozi zianikwe kabla na ziwepo karibu na moto mdogo, unyevu wa jioni ukiingia zinalegea. Pazia ni kamba na khanga, mikeka mbele kwa watoto, viti nyuma kwa wazee, ndoo ya maji ya kunywa yenye kikombe iwe nyuma ya pazia.

Watoto na mabinti wana sheria zao na hapa msilegeze. Mzazi aongeleshwe ana kwa ana nyumbani kwake kabla mtoto hajaja zoezi la kwanza. Mtoto asibaki na mtu mzima mmoja peke yake hata huyo mtu awe nani. Mazoezi ya mabinti yaishe kabla ya magharibi, ikipitiliza wanasindikizwa kwa kundi na mama mmoja yupo. Baba akiona binti karudi saa iliyosemwa, mwakani anamleta na mdogo wake.

Hela. Kiingilio cha jero kwa mtoto na buku kwa mkubwa watu wa mtaani wanamudu, mkitaka tumieni lipa namba ya kikundi, sio laini ya mwenyekiti. Wanaokusanya mlangoni wawe wawili, wahesabu pamoja, waandike, wasaini palepale. Kwanza kabisa mnarudisha nauli na vocha za wale watu wa nyuma waliotoa mfukoni, kabla hata ya soda za waigizaji. Kujitolea ni kutoa muda, haina maana mama wa watu atoe na hela ya unga wa nyumbani kwake. Halmashauri zina ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 vijana, 4 wanawake, 2 watu wenye ulemavu, na kuna vikundi vinaitamani. Ni mkopo, unarudishwa, kwa hiyo kama hamna biashara inayozalisha, mfano kukodisha viti na spika kwenye harusi, kaeni mbali nao.

Onyesho likiisha msitawanyike mara moja. Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1980 walipeleka maigizo vijijini, Malya kule Mwanza mojawapo, na nguvu ya ile kazi ilikuwa wanakijiji wenyewe kushiriki kuanzia kusema matatizo yao mpaka kuyajadili baada ya kuangalia. Fanyeni hivyohivyo, mmoja wenu mwenye busara asimame aulize, je mjomba kafanya haki? Afu anyamaze awaache wabishane. Akina mama wakiwa kimya awageukie wao waziwazi, tena awaite kwa heshima, mama mkubwa wewe unasemaje, mana wasipoulizwa wanaume wataongea mpaka giza.

Kesho yake, sio wiki ijayo, vitu vyote vya kuazima virudishwe vikiwa safi na anayerudisha aseme asante kwa mdomo wake kwa mwenye kitu. Jioni kaeni wote, mhazini asome mapato na matumizi kwa sauti mbele ya kila mtu mpaka watoto, afu kila mtu wa nyuma aulizwe mmojammoja: kazi yako ilikuwa nzito wapi, unataka kuendelea nayo au upewe nyingine au upumzike msimu huu? Akisema apumzike, msimbembeleze, yule aliyekuwa anajifunza kwake apewe daftari siku hiyohiyo na atafutiwe wa kujifunza kwake.