Kupatwa kwa mwezi alfajiri ya 28 Agosti 2026: namna ya kuutazama ukiwa Uganda

Jirani yangu hapa Arua alitaka kuwaamsha wajukuu wake wauone mwezi ukipatwa. Akaniletea simu yenye ujumbe wa watu watatu, kila mmoja na saa yake, na hakuna aliyekuwa amedanganya. Haya ndiyo niliyomweleza.

Hatua ya 1: Pata saa iliyo sahihi

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapoukosa mwezi.

Majedwali mengi ya kupatwa huandikwa kwa saa za dunia zenye alama ya UT. Uganda iko mbele kwa saa tatu. Kivuli kizito cha dunia kinaanza kuugusa mwezi 02:34 UT, kwa hiyo simu yako itaonyesha 05:34. Lakini nyumbani hakuna anayesema hivyo: kwetu hiyo ni saa kumi na moja na dakika 34 alfajiri. Aliyesoma "2:34", aliyesoma "5:34" na aliyesoma "11:34" wote wanataja dakika ileile moja.

Mimi hupendelea kukata njia: toa 3 kwenye saa ya UT, unapata saa yetu ya Kiswahili moja kwa moja. Namba ya saa ikiwa chini ya 4, ongeza 12 kwanza. Jibu likizidi 12, punguza 12. Jaribu: 02:34 jumlisha 12 ni 14:34, toa 3, ni 11:34. Andika kwenye karatasi, bandika mlangoni. Programu za simu ni nzuri, ila simu iliyowekewa saa za nchi nyingine kimakosa itakupotosha na hutajua.

Tarehe nayo ina mtego. Kupatwa kwa tarehe 20 Desemba 2029 kutafika kilele 22:42 UT. Hapa kwetu itakuwa saa saba na dakika 42 usiku, tarehe 21 tayari. Na hii ya Agosti ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Ukimwambia mtu "usiku wa Ijumaa" tu, atatoka nje Ijumaa baada ya chakula cha jioni, atakuta mwezi mzima unang'aa, halafu atakuita mwongo.

Kwa ufupi, kwa saa zetu: kivuli chepesi kinaingia saa 10:24 alfajiri, lakini jicho halitaona tofauti, endelea kulala. Saa 11:34 mwezi unaanza kumegwa. Kilele ni saa 1:13 asubuhi, asilimia 93 ya kipenyo cha mwezi ikiwa kivulini, ila sisi hatutakiona: Kampala mwezi utakuwa umezama kabla ya saa moja, na Arua dakika chache baada ya Kampala. Una muda wa saa moja na kidogo, basi.

Hatua ya 2: Tafuta magharibi iliyo wazi

Mwezi utakuwa unashuka magharibi, ukiegemea kusini kidogo. Kivuli kikianza utakuwa juu ya upeo wa macho kiasi cha ngumi mbili ukinyoosha mkono, na huku kwetu karibu na ikweta hushuka wima, hauzungukizungukii. Nyumba ya ghorofa au mwembe wa jirani unatosha kukunyima yote.

Kampala, panda kilima: Muyenga, Lubaga au Mutundwe. Usibaki bondeni, kuna ukungu wa alfajiri na moshi wa majiko. Mbale mna bahati, safu ya milima ya Wanale iko nyuma yenu upande wa mashariki. Fort Portal na Kasese, poleni: Rwenzori imesimama palepale mwezi unapoelekea, utawapotea mapema. Kabale ukungu wa asubuhi mnaujua wenyewe, nendeni juu.

Jaribio bora ni asubuhi ya tarehe 27. Mwezi siku hiyo unazama karibu dakika 45 hadi 50 mapema zaidi, karibu mahali palepale. Toka saa kumi na moja alfajiri, simama ulipopachagua, uufuate hadi upotee. Programu ya Stellarium inaweza kukuonyesha hayo sebuleni, lakini haiujui mwembe wa jirani.

Mjulishe mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, au askari wa zamu. Kundi la watu gizani juu ya kilima saa kumi na moja lina maelezo mengine ambayo si ya nyota.

Hatua ya 3: Vifaa

Macho. Ukiwa na darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50 (hukuza mara 7 au 10, lenzi za milimita 50), vizuri sana. Vile vidarubini vya miguu mitatu vya bei nafuu siviungi mkono, vinatikisika ukivigusa tu. Miwani ya kupatwa kwa jua, kama ile watu waliyovaa Pakwach tarehe 3 Novemba 2013, usinunue. Mwezi hauumizi macho, na kwa miwani ile hutauona kabisa.

Simu: iegemeze kwenye ukuta, gusa mwezi kwenye kioo, punguza mwanga.

Hatua ya 4: Asubuhi yenyewe

Usiwaahidi watoto "mwezi wa damu". Watakachoona ni mwezi unaoliwa polepole na giza la kijivu, na kuanzia kama saa kumi na mbili unusu mapambazuko yatakuwa yanaufifisha. Utazama ukiwa umemegwa zaidi ya nusu. Mawingu yakitanda mwisho wa Agosti, na mara nyingi hutanda, rudini mkalale.

Mwenye kutaka ule mwekundu asubiri tarehe 31 Desemba 2028. Siku hiyo mwezi utachomoza mashariki ukiwa umeshamegwa, na utafunikwa wote kuanzia saa moja na dakika 16 usiku, kabla ya ibada za mkesha. Hapo ndipo watu wa Mbale watakapoilaumu Wanale.