Namna ya kuandaa baraka za wazazi kabla ya harusi ya Kipolandi

Harusi ya Kikatoliki ya Polandi huanzia sebuleni kwa wazazi. Kabla ya msafara kwenda kanisani, bwana na bibi harusi hupiga magoti mbele ya baba na mama, wakaomba radhi, wakabarikiwa. Wenyewe huita *błogosławieństwo*; litamke "bwogoswavyenstfo" na utaeleweka. Mimi niliolewa kusini-mashariki mwa nchi hiyo, na tangu hapo nimeandaa baraka za mawifi zangu wawili na za marafiki kadhaa wa Afrika Mashariki. Nawaandikia ninyi mnaoingia familia hizo bila kuelezwa kitu, kama nilivyoingia mimi.

Hatua ya 1: Kubalianeni mahali na saa

Desturi ni nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi; bwana harusi huja na watu wake, pengine na wapiga muziki mbele. Kama kwenu ni Moshi au Mombasa, fanyeni kwa wazazi wa mume, au hata kwenye nyumba mliyopanga. Tendo lenyewe halizidi robo saa, lakini watu huchelewa na machozi hayana ratiba. Ikiwa Misa ni saa tisa alasiri, wote wawe wamefika saa saba na nusu.

Ningeomba wawe wachache: wazazi, babu na bibi, wazazi wa ubatizo, ndugu wa tumbo moja na wasimamizi wa ndoa. Wengine watawakuta kanisani.

Hatua ya 2: Tandikeni meza

Kitambaa cheupe, msalaba wa kusimama au wa kushika mkononi, mishumaa miwili, bakuli dogo la maji ya baraka na *kropidło*, yaani kile kijibrashi cha kunyunyizia. Kabla hujaenda kununua, muulize mama mkwe. Karibu kila nyumba ya Kikatoliki ina seti hii kabatini, kwa sababu ndiyo huwekwa mezani padri anapotembelea waumini wake baada ya Krismasi. Maji ya baraka huchotwa kanisani.

Mbele ya meza weka mto au zulia dogo la kupigia magoti. Mishumaa isogezwe nyuma kabisa, mbali na shela. Nimewahi kuiona shela ikipita juu ya moto kwa umbali wa kidole, na tangu siku hiyo namweka msimamizi wa bibi harusi nyuma yake, kazi yake moja tu: kushika shela na kumsaidia kuinuka.

Hatua ya 3: Jifunzeni maneno

Hapa ndipo pa kutumia muda wenu. Katika harusi za zamani za vijijini, msemaji wa harusi, *starosta* au *drużba*, aliwasemea maharusi kwa hotuba ndefu, na ziko sehemu ambako bado husemwa. Siku hizi wengi husema wenyewe, kwa ufupi:

*Mamo, tato, prosimy o przebaczenie i błogosławieństwo.*

Maana yake: mama, baba, tunaomba msamaha na baraka. Kipolandi kinahitaji maneno mawili hapo, lakini sisi tunalo moja linalobeba yote, radhi. Nilipolielewa hilo niliacha kuiona desturi hii kuwa ya wageni. Kwa hiyo usiikariri sentensi kama kasuku. Kama kuna jambo lililowahi kukukosanisha na mzazi, litaje kwa sauti ya chini au likumbuke moyoni kabla hujapiga magoti.

Wazazi nao waandike kikaratasi. Wengi hudhani watasema tu, kisha koo linakaba. *Niech was Bóg błogosławi*, Mungu awabariki, inatosha kabisa kwa asiyeweza zaidi.

Kama wewe ni Mwislamu, au ni Mkristo usiyebusu msalaba, sema wiki kadhaa kabla. Wazazi wanaweza kukuwekea mkono kichwani na kukuombea, na hakuna anayeaibika.

Hatua ya 4: Fuateni zamu

Kwa kawaida wanaanza wazazi wa bibi harusi, wanafuata wa bwana harusi, halafu babu na bibi, mwisho wazazi wa ubatizo. Kila mmoja huwachora ishara ya msalaba kwenye paji la uso, huwanyunyizia maji, huwapa msalaba waubusu, kisha huwakumbatia. Nyumba nyingine hutanguliza baba, nyingine mama; ulizeni mapema.

Mpiga picha asimame upande mmoja na asiombe chochote kirudiwe. Kwenye baraka moja alimtaka mama arudie ishara ya msalaba kwa sababu ya mwanga. Mama akarudia, lakini alikuwa ameshapoa, na bibi harusi aliona. Mwambieni mapema kwamba picha ikikosekana, basi.

Hatua ya 5: Kwa wazazi wasiokuwepo

Kama mzazi amefariki, Wapolandi wengi huenda makaburini siku moja kabla au asubuhi ile, na maua na mshumaa. Sebuleni nafasi yake huchukuliwa na babu, bibi au mzazi wa ubatizo. Mwacheni aliyebaki aseme jina la marehemu, msimharakishe.

Wazazi wangu hawakupata viza. Tuliweka simu mezani, imeegemezwa kwenye vitabu, uso wa baba ukiwa usawa wa nyuso zetu. Jana yake kaka alikuwa amempelekea jani la isale kwa niaba yangu, maana kwetu Uchagani ndilo la kuombea msamaha. Baba alilishika muda wote akizungumza, na mama mkwe, ambaye hajui Kichaga wala Kiswahili, alielewa bila mkalimani. Ukifanya hivi, jaribu mtandao siku iliyotangulia na uwe na simu ya pili yenye salio. Wazazi wa mbali watangulie kwenye zamu, kabla laini haijakatika.

Hatua ya 6: Tokeni

Futeni machozi, zimeni mishumaa, ondokeni. Njiani majirani wanaweza kuwafungia barabara kwa kamba na maua. Hizo ni *bramy*, malango, na msimamizi hulipa kwa chupa ya vodka na pipi za watoto. Zihesabuni kwenye muda wenu.

Msalaba mliobarikiwa nao kwa kawaida huwa wenu. Mpe msimamizi aufunge kwenye kitambaa kile cheupe kabla meza haijakunjwa, kwa sababu kesho yake kuna karamu ya pili, *poprawiny*, na katika nyumba iliyojaa wageni wa siku mbili vitu vidogo hupotea.