Punda Amelala Kichochoroni: Namna ya Kupeleka Shida ya Mnyama Kaunti ya Lamu

Asalaam aleikum wanachama. Mwaka jana punda mmoja alilala kichochoroni kwetu Langoni siku tatu, mguu wa nyuma umevimba. Kila aliyepita alimruka, akasema "maskini" na kwenda zake. Mimi pia. Kisha nikamwambia kijana mmoja wa kaunti niliyekutana naye gatini, akanijibu, "Sawa mzee, nitafikisha." Jirani yangu alimwambia mwakilishi wadi walipotoka kuswali. Wa tatu alituma picha kwenye kundi la WhatsApp, watu wakaweka vijikaragosi vya kulia. Siku ya nne tulipoulizana barazani, tukakuta watu saba "wameripoti" na hakuna ofisi hata moja yenye karatasi. Punda alitibiwa kwa sababu mtoto wa darasa la sita alikwenda kwa miguu yake hadi kliniki ya punda pale pwani ya mji, akarudi na mtu.

Somo hili ni la sisi watu wazima tulioshindwa na mtoto yule.

Hatua ya kwanza: jua mlango wa kubisha

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kuangalia ustawi wao, pamoja na leseni za mbwa, na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika. Kwa hiyo mbwa wanaozurura, punda waliotelekezwa, mzoga unaonuka na paka waliojaa jaani ni shauri la kaunti. Ukiambiwa "hiyo si kazi yetu," mtajie Jedwali la Nne, kwa upole, na usubiri.

Mnyama wa mwituni ni habari nyingine. Nyati shambani, kiboko wa Ziwa Kenyatta, nyani, kasa: hao ni wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Kaunti itakusikiliza, kisha itakwambia uende huko, na utakuwa umepoteza siku.

Kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita kiasi au kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa ni kosa la jinai chini ya Sura ya 360 ya sheria za Kenya. Hilo ni la polisi. Ukienda kituoni usitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Na punda mgonjwa tu, ambaye hakuna aliyemkosea? Mpeleke kliniki ya The Donkey Sanctuary. Wako hapa Amu, yaani Lamu, tangu 1987. Usiandike barua wakati kidonda kinaoza.

Hatua ya pili: kama kuna kung'atwa, acha karatasi

Hapa sitaki mzaha. Mbwa, paka au mnyama yeyote akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Si kupangusa kwa kitambaa. Si kupaka pilipili, mafuta ya taa wala dawa ya jino. Maji, sabuni, dakika 15 kwa saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mkiwa kijijini au visiwani, pigeni simu kwanza kuuliza chanjo iko wapi, msije mkalipa boti mara mbili. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, hakuna dawa ya kukirudisha. Chanjo inafaa kabla ya hapo tu.

Mbwa aliyeng'ata asiuawe na kutoswa baharini, kama nilivyoona watu wakifanya. Akiwa hai na anaweza kufungwa salama, daktari wa mifugo atamwangalia siku 10; akibaki mzima siku zote hizo, wasiwasi umekwisha. Akifa, daktari anahitaji kichwa chake kwa uchunguzi. Ukimtosa, umeitosa na habari.

Baada ya hospitali, ndipo urudi kwenye ripoti.

Hatua ya tatu: tazama vizuri, na usiseme usichokiona

Mji wetu hauna majina ya barabara ya kumwelekeza mgeni. Andika msikiti ulio karibu, kisima, duka, au nyumba yenye mlango gani. Andika tarehe na saa. Mnyama ana rangi gani, dume au jike, ana alama au herufi iliyochorwa mwilini? Kidonda kiko mgongoni penye shogi, ule mfuko wa mizigo, au mguuni? Ni mara ya kwanza au ya tano?

Picha mbili tatu zinatosha. Piga mnyama na mahali, usipige uso wa mtu. Na tafadhali, usimwandike mtu mtandaoni kwa jina. Mara nyingi anayemwongoza punda si mwenyewe. Ni kijana aliyekodi kwa siku moja ili abebe mchanga na mawe ya ujenzi. Tukimtukana yeye, mwenye punda anakaa kimya nyumbani akinywa kahawa.

Ikiwa unamjua mwenyewe, mwendee kwanza. Nimesuluhisha mambo manne hivyo, na moja tu lilinigeuka.

Hatua ya nne: barua

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, na ndiyo iliyobeba zote. Si lazima iwe ndefu. Mwezi uliopita nilimsaidia mama mmoja wa Hindi, kule bara ya Lamu, ikatoka hivi:

*"Kwa Msimamizi wa Wadi. Nakala: Daktari wa Mifugo wa Kaunti Ndogo. Mimi ni mkazi wa Hindi. Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, niliona mbwa watano wasio na mwenyewe nyuma ya soko. Wawili walimfukuza mtoto aliyekuwa akienda shule, hakung'atwa. Ni mara ya tatu mwezi huu. Naomba daktari wa mifugo afike mahali hapo, na naomba nijulishwe kwa maandishi hatua itakayochukuliwa na siku yake."*

Tazameni alivyofanya. Hakuandika "mbwa wamezidi Lamu nzima." Alitaja wangapi, wapi, saa ngapi. Alisema hakung'atwa, ingawa shoga zake walimshauri aongeze chumvi. Mwisho akaomba mambo mawili yanayoweza kufanyika. Barua inayoomba "serikali ituangalie" hujibiwa kwa kuangaliwa.

Toeni nakala mbili. Moja mwachie karani, ya pili apige mhuri wa kupokea, aandike tarehe, nanyi mrudi nayo nyumbani. Karani akisema mhuri umefungiwa kabatini, kaa. Mimi nimewahi kukaa kutoka saa tatu hadi adhana ya adhuhuri, na kabati likafunguka.

Msianze safari kwa kupanda boti kwenda Mokowe kwa sababu makao makuu ya kaunti yako huko. Anzeni ofisi ya wadi yenu. Mokowe mtakwenda mkishakuwa na karatasi yenye mhuri. Chifu anaweza kuwasindikiza, na neno lake lina uzito, lakini kumbukeni chifu ni mtu wa serikali ya kitaifa. Kumwambia chifu si kuiambia kaunti.

Hatua ya tano: kufuatilia

Subirini wiki mbili, kisha rudini na nakala yenu. Mkiwa bado hamna jibu, ziko njia tatu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti juu ya jambo lolote lililo chini yake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawaruhusu kuuliza kwa maandishi "barua yangu imefikia wapi?" na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, likiwa jambo la uhai wa mtu, saa 48. Ya mwisho ni Tume ya Utawala wa Haki (Ombudsman), ambayo hupokea malalamiko bila malipo. Mimi hupenda ile ya katikati. Ofisi inayoweza kulipuuza ombi lako la mbwa huwa haipendi kuulizwa kwa sheria karatasi zake ziko wapi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkazi wa Shela: Jirani yangu anawatilia paka sumu kwenye samaki. Nimekuta watatu wamekufa. Niende kaunti?

*Jibu:* Polisi kwanza, dada yangu, kwa sababu sumu uchochoroni inaweza kumfikia mtoto kabla ya paka wa nne. Usishike mizoga kwa mkono mtupu, na usiitupe kabla haijaonekana. Mpelekee daktari wa mifugo nakala. Kama kinachomkera jirani ni wingi wa paka, dawa ni kuwafunga kizazi, na hilo mnaweza kuliomba kwa barua mtaa mzima. Akiwamaliza paka wote, panya watamlipia.

Mkulima wa Hongwe: Nyati wameingia shambani usiku, mahindi yamekwisha. Msimamizi wa wadi ameniambia nisubiri.

*Jibu:* Usisubiri, nenda KWS leo. Usilime tena hapo wala kufuta nyayo mpaka waje waone. Piga picha, muombe afisa wa kilimo apime hasara na kuiandika, kisha ujaze fomu ya madai. Madai hupita kwenye kamati ya kaunti ya fidia chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Sheria hiyo iliweka shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Mazao hulipwa kulingana na hasara. Sitakudanganya, malipo huchelewa sana. Lakini asiyejaza fomu hayumo hata kwenye foleni.

Nahodha mstaafu: Kasa akinasa wavuni akiwa hai, nimrudishe majini au nimlete nchi kavu? Vijana wanaogopa kushtakiwa.

*Jibu:* Akiwa na nguvu, anapiga makasia na kichwa kiko juu, kateni wavu kwa uangalifu na mwachieni. Akiwa mlegevu au ana jeraha, mwekeni kivulini, mfunikeni kwa kitambaa kilicholowa maji, macho na pua ziwe wazi, mpigieni KWS. Anayeripoti hana cha kuogopa. Wa kuogopa ni anayemchinja.

Mama wa Matondoni: Mwanangu alikwaruzwa na mbwa siku nne zilizopita, kidogo tu. Kidonda kimeshakauka. Mbwa haonekani tena.

*Jibu:* Mama, funga komputa au zima simu, mpeleke hospitali sasa. Siku nne si kuchelewa, na kukauka kwa kidonda hakuna maana yoyote hapa. Mbwa kutoonekana ndiko kunakonitia wasiwasi. Ukirudi utuandikie.

Mwana wa Amu: Mzee, punda ni wa ami yangu. Hupakiwa mawe na mgongo uko wazi, mato (macho) yamtoka. Nikiandika barua si nitajulikana?

*Jibu:* Unaweza kuomba jina lako lisitajwe, na ofisi nzuri italiheshimu. Lakini muyi huu naujua: ukitoka ofisini adhuhuri, magharibi kahawa inanywewa kwa habari zako. Kwa ami usianze na barua. Waombe watu wa kliniki wapite mtaani kama wanavyopita siku zote, wamkague punda wake pamoja na wa wengine watatu. Atapewa dawa na atafundishwa kuweka kitambaa kizito chini ya shogi. Hakuna aliyemshtaki mtu.

Kijana wa Mkomani: Mimi nilifanya yote hayo. Mzoga wa punda ufuoni, barua nimeandika, mwezi sasa. Mawimbi yamekwisha uchukua mzoga wenyewe.

*Jibu:* Nakala yako ina mhuri?

Kijana wa Mkomani: Karani alisema nimwachie tu, atapiga baadaye.

*Jibu:* Jumatatu saa tatu nitakuwa barazani mbele ya Ngome. Njoo na karatasi mbili nyeupe na kalamu.